Kinu cha Ramisi kilikuwa cha nani? Jinsi ya kufuatilia mali iliyopita mikono mingi

KWA mkazi wa Kona ya Musa, katika eneo la Diani, jina Ramisi si la mto au kijiji pekee. Kwa watu wa umri wa makamo na wazee, Ramisi ni sukari: ni kiwanda kilichoajiri baba na wajomba zao, ni mashamba ya miwa yaliyoenea kandokando ya barabara ya kwenda Lunga Lunga, na ni kimya kilichofuata mwaka 1988 mitambo iliposimama.

Hata hivyo, waulize watu wanne waliokaa barazani swali moja jepesi, kwamba kile kiwanda kilikuwa cha nani, nawe utapata majibu manne. Wa kwanza atasema kilikuwa cha Wahindi. Wa pili atashikilia kuwa kilikuwa cha Serikali. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ni kijana, atataja kampuni iliyokuja juzi tu. Wa nne, mzee aliyekuwa kimya wakati wote huo, atasema: "Wanangu, kiwanda sijui, lakini ile ardhi ilikuwa ya babu zetu."

Jambo la kushangaza ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao anayesema uongo. Kila mmoja anajibu swali tofauti. Sisi tunaohariri kurasa za magazeti tumekuwa na kosa letu pia, kwani tumezoea kuandika neno "mmiliki" kana kwamba kila mali ina mwenyewe mmoja, ilhali mali kongwe huwa na tabaka kadhaa za umiliki, na kila tabaka lina historia yake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tabaka hizo zinavyotenganishwa na jinsi mwananchi wa kawaida anavyoweza kuzifuatilia. Ramisi itakuwa mfano wetu. Lakini faida ya somo hili haiishii Ramisi, maadamu kila anayenunua ploti Ukunda, Diani, Kinondo au Msambweni hununua pia historia ya ploti hiyo, apende asipende.

SOMO KUTOKA VINU VYA MAJI VYA UINGEREZA

Tuanze mbali kidogo. Nchini Uingereza kuna watu ambao hununua vinu vya maji vya kale, yaani majengo yaliyokuwa yakisaga nafaka kwa gurudumu lililozungushwa na mto, kisha wakatumia miaka kuchunguza ni nani waliovimiliki kabla yao. Wengine hufanya hivyo kwa mapenzi ya historia. Wengine hulazimika, kwa sababu jirani wa upande wa juu wa mto anapoziba mfereji, anayetaka kushtaki ni lazima kwanza aonyeshe kuwa haki ya kutumia maji hayo ni yake na aliipata wapi.

Kazi yao huwa nyepesi kuliko yetu kwa sababu moja: daftari. Mwaka 1085, Mfalme William aliyeiteka nchi hiyo aliamuru mali zote ziorodheshwe. Orodha hiyo, iitwayo Domesday, ilitaja vinu zaidi ya 5,000, pamoja na mabwana waliovimiliki na kodi iliyolipwa kila mwaka. Baadhi ya vinu vililipa kodi kwa fedha, na vingine vililipa kwa samaki aina ya mikunga walionaswa kwenye bwawa la kinu.

Baada ya hapo hatua nyingi zinafuatika. Vinu vingi vilikuwa mali ya nyumba za watawa hadi Mfalme Henry wa Nane alipozifunga nyumba hizo kati ya mwaka 1536 na 1540 na mali zao zikauzwa. Sheria ya mwaka 1836 ilizaa ramani na orodha zilizoonyesha mashamba ya parokia kwa nambari, jina la mwenye ardhi na jina la anayeitumia. Sensa za kuanzia mwaka 1841 zilitaja watu kwa majina, hivyo msaga nafaka akajulikana nyumba aliyoishi. Hatimaye ikaja idara ya usajili wa ardhi, na tangu Desemba 1990 usajili umekuwa wa lazima kila ardhi inapouzwa popote Uingereza na Wales.

Mtafiti wa vinu hivyo hujifunza upesi kuwa yaliyoandikwa katika kumbukumbu za sheria hiyo ya mwaka 1836, yaani "mwenyewe" na "anayetumia", mara nyingi ni majina mawili tofauti. Msagaji aliyejulikana na kijiji kizima, ambaye jina lake lilibaki kwenye kinu kwa karne nzima, pengine hakuwahi kumiliki hata jiwe moja la jengo hilo. Alikuwa mpangaji tu.

TABAKA NNE ZA UMILIKI

Kinu chochote, kiwe cha kusaga ngano kwa nguvu za mto au cha kukamua miwa kwa mvuke, kina angalau tabaka nne za umiliki.

Tabaka la kwanza ni ardhi ambayo kinu kimesimama juu yake. La pili ni jengo na mitambo. La tatu ni haki ya maji. La nne ni kampuni, yaani chombo cha kisheria ambacho jina lake limeandikwa kwenye hati, nacho chenyewe humilikiwa na wanahisa ambao wanaweza kubadilika mara kumi bila jina la kwenye hati kubadilika hata herufi moja.

Msomaji wa Pwani asidhani jambo hili ni geni. Mila na desturi zetu zimelijua kwa karne nyingi. Hapa Pwani mtu aliweza kumiliki mnazi huku ardhi uliposimama ni ya mwingine, na minazi ikarithiwa, ikawekwa rehani na kuuzwa kivyake. Mjini Mombasa hadi leo kuna nyumba ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi, naye hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Anayeelewa mnazi na ardhi yake, au nyumba isiyo na kiwanja, ameshaelewa nusu ya sheria ya kiwanda.

Kuhusu maji, sheria za Kenya ziko wazi. Maji ya mito si mali ya mwenye ardhi ambayo mto unapita. Kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kama ilivyokuwa katika sheria zilizotangulia, rasilimali za maji ziko chini ya Serikali kwa niaba ya wananchi, na anayetaka kuyachota kwa wingi kwa ajili ya kilimo au kiwanda ni lazima awe na kibali. Kwa hiyo mwenye shamba la miwa kando ya mto anaweza kuwa na hatimiliki safi ya ardhi na bado asiwe na haki ya kujaza bwawa moja.

ARDHI KABLA YA SUKARI

Turudi sasa Ramisi, tukianza na tabaka la chini kabisa.

Kabla ya ukoloni, ardhi ya kusini mwa Mombasa ilitumiwa na Wadigo kwa mujibu wa mila zao, huku makaya, yaani misitu mitakatifu kama Kaya Kinondo, yakiwa alama ya makao ya kale. Ufukweni kulikuwa pia na miji ya Waswahili na mashamba ya koo za Kiarabu. Mwenye nguvu zaidi upande huu katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 alikuwa Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyekuwa na makao yake Gazi.

Mwaka 1895 mambo yalibadilika. Uingereza ilitangaza himaya yake, na kwa makubaliano ya Desemba mwaka huo na Sultani wa Zanzibar ikachukua usimamizi wa ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Mwaka uo huo Mbaruk aliasi. Vita vikaendelea hadi Aprili 1896, alipovuka mpaka na kuingia katika himaya ya Wajerumani pamoja na wafuasi wake.

Kisha ikaja sheria ambayo kila anayefuatilia ardhi ya Pwani hana budi kuijua, nayo ni Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Sheria hiyo ilimtaka kila anayedai ardhi katika ukanda wa pwani awasilishe madai yake kwa afisa maalumu, atoe ushahidi na apewe hati. Ardhi ambayo haikudaiwa, au ambayo dai lake lilikataliwa, ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni.

Wenye elimu ya sheria na wenye nyaraka walinufaika. Lakini jamii iliyomiliki ardhi kwa pamoja, na ambayo ushahidi wake ulikuwa kaburi la babu, mbuyu na kisima, ilikuwa na dai lisilotosha kwenye fomu. Hapo ndipo mzizi wa malalamiko mengi ya ardhi katika Pwani ya Kenya ulipo. Mzee wetu wa barazani anaposema ardhi ilikuwa ya babu zake, anazungumza kuhusu wakati uliotangulia daftari hilo.

Katika miaka hiyo ya mwanzo ya karne ya 20, Serikali ya kikoloni ilitoa eneo kubwa sana la kusini mwa Mombasa kwa kampuni iliyoitwa East African Estates, kwa ajili ya kilimo cha mashamba makubwa. Huo ndio uliokuwa mtindo wa enzi hizo: kwanza Serikali inatangaza kuwa ardhi ni yake, kisha inaigawa kwa kampuni, halafu inaanza kutafuta vibarua.

KUTOKA 1927 HADI 1988

Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini Kenya kilianzishwa Miwani, karibu na Kisumu, mwaka 1922. Cha pili kilikuwa cha Ramisi, mwaka 1927. Maandishi mengi yanayoeleza historia ya sekta ya sukari huhusisha kiwanda cha Ramisi na jina la Associated Sugar Company. Viwanda vyote viwili vilianzishwa na watu binafsi.

Jambo hili linafaa kusisitizwa kwa sababu watu wengi hudhani viwanda vyote vya zamani vilikuwa vya Serikali. Serikali iliingia katika biashara ya kusaga miwa baada ya uhuru: Muhoroni mwaka 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973, Nzoia 1978 na Sony, huko Awendo, mwaka 1979. Ramisi ilikuwa na umri wa karibu miaka 40 Muhoroni ilipozaliwa.

Anayesema kiwanda kilikuwa cha Wahindi anarejelea familia ya Madhvani, ambayo kwa miaka mingi jina lake lilihusishwa na Ramisi. Hii ndiyo familia ya Muljibhai Madhvani, mfanyabiashara aliyeanzisha kiwanda cha sukari cha Kakira karibu na Jinja, Uganda, mwaka 1930, na aliyefariki mwaka 1958. Familia hiyo ilipoteza mali zake Uganda wakati Idi Amin alipowafukuza watu wa asili ya Asia mwaka 1972, kisha ikarejea katika miaka ya themanini na kukifufua kiwanda cha Kakira.

Kwa nini kinu cha sukari hung'ang'ania ardhi kubwa kiasi hicho, tofauti na kinu cha unga? Jibu liko kwenye mmea wenyewe. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, hivyo unapaswa kukamuliwa kabla ya siku mbili hivi kupita. Huwezi kuuweka ghalani kama mahindi ukasubiri bei nzuri. Kwa sababu hiyo kiwanda hakiwezi kuwa mbali na shamba, na mwenye kiwanda hupenda kuwa na shamba lake mwenyewe ili mitambo isikae bure wakulima wa nje wanapokosa miwa. Kiwanda bila shamba ni chuma chakavu, na shamba bila kiwanda ni nyasi tamu zisizo na mnunuzi. Ndiyo maana historia ya kiwanda cha Ramisi ni historia ya ardhi kuliko ilivyo historia ya mitambo.

Mwaka 1988 kiwanda kilifungwa. Kwa Msambweni na vijiji vya jirani, huo ulikuwa mwisho wa mshahara wa mwezi, wa wateja wa duka na wa karo iliyolipwa kwa wakati.

MIAKA YA UKIMYA NA MWEKEZAJI MPYA

Baada ya kiwanda kufungwa, shamba halikubaki tupu. Watu waliingia wakalima mahindi, mihogo, minazi na mikorosho. Baadhi yao walikuwa wafanyakazi wa zamani, wengine wenyeji walioamini kuwa ardhi ya wazee wao imewarudia. Kizazi kizima kilizaliwa na kukulia humo.

Kwa jicho la sheria, hata hivyo, ardhi hiyo haikuwa imerudi kwa mtu yeyote kijijini. Mwaka 2007 Serikali ilikodisha takriban ekari 15,000 za eneo hilo kwa kampuni ya Kwale International Sugar Company, inayojulikana kwa kifupi kama Kiscol, kwa muda wa miaka 99. Baadaye kampuni ya Omnicane kutoka Mauritius ilinunua sehemu ya hisa za Kiscol. Kiwanda kipya kikajengwa na kuanza kusaga miwa katikati ya muongo wa 2010.

Tazama sasa jinsi tabaka zilivyopangika. Ardhi ilikuwa ya umma, Serikali ikabaki kuwa mkodishaji. Haki ya kuitumia kwa miaka 99 ilienda kwa kampuni. Kampuni ilikuwa na wanahisa wa ndani na wa nje. Na juu ya udongo wenyewe kulikuwa na familia zilizokuwa na minazi, nyumba na makaburi, lakini bila karatasi. Mizozo kati ya mwekezaji na maskwota iliyofuata, ikiwemo ile iliyofika mahakamani, ilitokana na tabaka hizo kugongana.

Kuna jambo jingine linalopaswa kueleweka. Kifungu cha 65 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kuwa asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodisha, na kwa muda usiozidi miaka 99. Kampuni huhesabiwa kuwa raia endapo tu inamilikiwa kikamilifu na raia. Kwa hiyo hisa chache zikiuzwa kwa mgeni, hadhi ya kampuni nzima kuhusu ardhi hubadilika. Kodisho za miaka 999 walizorithi wageni kutoka enzi ya ukoloni zilipunguzwa kuwa za miaka 99. Hii ndiyo sababu anayefuatilia mmiliki wa kiwanda asitosheke na kusoma jina la kampuni kwenye hati, bali ni lazima aulize kampuni hiyo ni ya nani.

WALIOACHWA NJE YA DAFTARI

Hakuna simulizi inayoonyesha uzito wa karatasi kuliko ile ya Wamakonde wa Kwale. Jamii hii ilitoka Msumbiji katika enzi ya ukoloni, wengi wakija kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, Ramisi ikiwemo. Walikata miwa, wakachonga vinyago, wakazaa watoto na wajukuu katika ardhi ya Kenya. Lakini kwa miongo mingi hawakutambuliwa kuwa raia.

Asiye na kitambulisho hawezi kusajili ardhi kwa jina lake. Hawezi kufungua akaunti ya benki wala kuandikisha kampuni. Aliyeishi nusu karne kwenye kipande kimoja cha ardhi akaonekana na daftari kana kwamba hayupo. Hakuwa hata na sifa ya kuitwa skwota mwenye dai.

Mnamo Oktoba 2016 Wamakonde walianza safari ya miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia. Rais Uhuru Kenyatta alikutana nao na kuagiza waandikishwe, na mapema mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho, wakihesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Kiwanda kilichowaleta baba zao kilikuwa kimeshafungwa kwa zaidi ya robo karne.

JINSI YA KUFUATILIA

Tuseme sasa wewe msomaji unataka kujua historia ya kiwanda cha kale, shamba la mkonge, hoteli iliyofungwa au ploti tu unayotaka kununua hapa Kona ya Musa. Utaanzia wapi?

Kwanza, pata nambari ya ardhi, wala si jina la mtu. Majina hubadilika na huandikwa vibaya. Kenya ilikuwa na sheria kadhaa tofauti za usajili hadi zilipounganishwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, hivyo hati za kale za Pwani hazifanani. Hati nyingi za baada ya uhuru hutajwa kwa jina la wilaya, la eneo na nambari ya kipande. Hati za mashamba makubwa ya kikoloni huwa na mpangilio mwingine, na kumbukumbu zake nyingi ziliwekwa Mombasa au Nairobi badala ya Kwale. Usipokuta ardhi kwenye rejista moja, usikate kauli kuwa haina mwenyewe.

Pili, fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili, ule ambao watu huuita "sachi". Matokeo yake yatakuonyesha mmiliki wa sasa, muda wa kodisho na kama kuna rehani au zuio. Lakini upekuzi wa kawaida ni picha ya siku moja. Anayetaka historia aombe kuona rejista yenyewe na nyaraka za nyuma, ili aone ardhi ilitoka kwa nani, lini na kwa njia gani.

Tatu, fuata kampuni. Ikiwa mwenye hati ni kampuni, omba kwa msajili wa kampuni taarifa ya wakurugenzi na wanahisa, ambayo mawakili na mabenki huiita CR12. Angalia pia tarehe kampuni ilipoandikishwa. Kampuni iliyozaliwa mwaka 2005 haiwezi kuwa ndiyo iliyopewa ardhi mwaka 1985, hata kama majina yanafanana.

Nne, soma Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo limekuwa likichapishwa tangu mwaka 1899. Humo ndimo zilimotangazwa kodisho, hati zilizopotea, ardhi zilizotwaliwa kwa manufaa ya umma, na kampuni zilizowekwa chini ya mrasimu au mfilisi. Mtu mwenye subira anaweza kufuatilia kampuni kutoka kuzaliwa hadi kuzikwa kwa kurasa za gazeti hilo pekee.

Tano, nenda kwenye nyaraka. Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka jijini Nairobi ina faili za wakuu wa wilaya na wa mikoa wa enzi ya ukoloni, ambamo maafisa walieleza mashamba, vibarua na ugomvi wa mipaka. Barua zilizotumwa London ziko katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew.

Sita, na wengi husahau hili, sikiliza wazee na uandike. Mbuyu, kisima na kaburi havionekani kwenye hati, lakini mahakama na Tume ya Kitaifa ya Ardhi husikiliza ushahidi wa namna hiyo unapotolewa kwa utaratibu. Andika jina la anayesimulia, umri wake na alichokiona mwenyewe, ukikitenganisha na alichosimuliwa.

KWA NINI HISTORIA NI ULINZI

Huenda msomaji akauliza: ikiwa nina hatimiliki mkononi, ya nini kusumbuka na ya mwaka 1908?

Jibu lilitolewa na Mahakama ya Juu ya Kenya tarehe 21 Aprili 2023, katika kesi kati ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kesi ilihusu ardhi ya ufukweni, Nyali. Ardhi hiyo ilikuwa imetolewa kwa mtu binafsi mwaka 1989, ikauzwa, na hatimaye kufika kwa kampuni iliyokuwa na hati na iliyosema imenunua kwa nia njema. Mahakama ilisema kuwa hati peke yake haitoshi. Ikiwa mzizi wa hati ni mbovu, yaani ardhi ya umma ilitolewa bila kufuata utaratibu, anayenunua baadaye hanunui chochote, hata kama hakushiriki katika kosa lile la kwanza. Kampuni ikapoteza.

Uamuzi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u iliwasilisha ripoti yake mwaka 2004 na kuonyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kiholela nchini. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 nayo, katika kifungu cha 26, inasema hati inaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila utaratibu au kwa ufisadi. Mahakama ya Juu ilichofanya ni kumwambia mnunuzi kuwa kuchunguza mzizi ni wajibu wake.

Maana yake kwa mtu wa Kona ya Musa ni hii. Anayekuuzia ploti akikuonyesha hati inayong'aa, mshukuru, kisha umuulize aliipata kwa nani, na huyo wa kabla yake aliipata kwa nani, mpaka mfike kwenye mzizi: ugawaji wa Serikali, upimaji wa kijiji, urithi au hati ya 1908. Akikasirika kwa kuulizwa, amekujibu.

Tukirudi kwa wale wanne wa barazani, sasa tunaweza kuwapatanisha. Wa kwanza alikuwa akizungumza kuhusu kampuni. Wa pili alikuwa akizungumza kuhusu ardhi iliyokuwa mikononi mwa Serikali. Wa tatu alizungumza kuhusu kodisho. Mzee alizungumza kuhusu kilichokuwapo kabla ya hayo yote, na ambacho hakikupata nafasi kwenye fomu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Ramisi, daftari lilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni majina ya watu wengi ndani yake, na kazi ya kuyarudisha humo, kwa tume, kwa mahakama au kwa kalamu ya mjukuu anayemsikiliza babu yake, bado haijakwisha.